Upinde Uliokatwa Ncha

Mjukuu wangu Elibariki,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi huku Kikwe tu wazima, na bibi yako anavuna maharage.

Umeuliza ni upinde gani wa zamani wewe na wenzako mchonge nakala zake za kuwauzia wakusanyaji wa vitu vya kale. Ni ule aliouchonga baba yangu, ila nakujibu kwa hasira. Serikali iliporuhusu biashara huria na watalii wakaongezeka, mwenye duka la vinyago mjini aliuazima ili achonge mfano wake. Nilipoufuata nilikuta ncha zote mbili zimekatwa kwa msumeno.

“Haukuenea kwenye kabati la maonyesho,” akasema. “Mzungu hawindi, anatundika tu.”

Nikamrudishia baba. Aliupapasa, akautia motoni, na hakuchonga mwingine mpaka anakufa.

Tengenezeni, lakini kila upinde uweze kurusha mshale. Anayetaka pambo akanunue picha.

Babu yako