Jezi Mbili za Donal

Donal rafiki yangu,

Salamu za kuulizana hali tuziache, yako naijua na yangu utaisikia. Tangu moyo wako usimame pale Shiling, huku China, katikati ya mikoba uliyokuwa ukinikagulia, laoban, bosi wa kile kiwanda, amekuwa mpole kupita kiasi. Ananiita dada, ananimiminia chai kabla sijakaa. Mimi Zuhura nimekulia Kariakoo, chai ya namna hiyo naijua. Nikafungua katoni ya chini kabisa, nikakuta zipu zinazong'ata kitambaa. Wewe ungeziona kabla chai haijapoa, ungetikisa kichwa na kusema ile lugha yako ya kuchanganya, "Laoban, hii bu xing, haifai, rudisha." Sasa hakuna wa kunisemea hivyo. Nimekukumbuka, Donal, na hasira ninazo pia, maana uliondoka bila hata kuaga.

Lakini si habari za zipu zilizonikalisha hapa. Ni habari za kaka yako.

Unajua sikuwahi kuuamini ule mchezo wako. Tukisubiri basi la kurudi mjini ulikuwa unanieleza mpaka unasimama kuonyesha: hurling ya kwenu Ireland, fimbo pana mwishoni, kampira kagumu kanakopita usawa wa vichwa, ukikapitisha juu ya mwamba pointi moja, ukikatia wavuni tatu. Ulicheza klabu ya parokia, kisha ukaitwa timu ya kaunti, ambayo kwetu ni kama timu ya mkoa, na watu wakajaa uwanjani mpaka pa kusimama pakakosekana. Nikakuuliza walikulipa nini. Ukasema hakuna anayelipwa, hata wa kaunti. Jumapili unashangiliwa na maelfu, Jumatatu unarudi kukamua ng'ombe. Nilicheka mpaka watu wa kituoni wakageuka. Mchezaji wa mkoa anakamua ng'ombe! Hata vile vidole vyako vilivyopinda nilijisemea, huyu alibanwa na mlango.

Na kwa nini uliacha? Siku moja ukasema goti. Siku nyingine kazi. Mara ya tatu ukasingizia mvua ya kwenu. Mfanyabiashara akipewa sababu tatu za mzigo mmoja kuchelewa, anajua huo mzigo haupo. Nikaamua kuna mtu uliyemkimbia, na sikukosea sana.

Kaka yako Kieran alifika na masikio yako yaleyale. Ufunguo wa chumba chako nilikuwa nao mimi, na aliuomba kabla hajauliza ulikufaje. Hapo hapo nikamtilia shaka. Nikamwambia chumba tutaingia wote, na nikasimama mlangoni huku anafungua makabati. Akanieleza kwamba kwenu mchezaji akifa, jezi yake hutandikwa juu ya jeneza, na yeye ameileta yako kutoka nyumbani. Nyekundu, ya klabu ya parokia mliyozaliwa.

Lakini mimi nilikwisha kulifungua kabati lako mapema, kabla hajatua. Niliona jezi moja tu, ya buluu, imekunjwa kwenye nailoni na vidonge vya kufukuza nondo. Nyekundu hukuwa nayo hata uzi. Nikafikiri, huyu bwana amekuja kumvisha ndugu yake nguo aliyoikataa akiwa hai, kwa kuwa sasa hawezi kusema hapana. Na hapa Guangzhou nzima hukuwa na mtu wa kukusemea isipokuwa mimi.

Nikaomba kuishika hiyo nyekundu. Akasita. Mtu akisita kunipa kitu nikishike, Donal, ndipo nakigeuza ndani nje. Uzi wa oveloki ulikuwa unaning'inia mwisho wa mshono, haujakatwa. Chaki ya fundi bado ilikuwa kwapani. Kitambaa kilinuka rangi, kile cha rola zinazopakiwa kwenye pikipiki kule Kangle, soko la vitambaa, na nembo ya kifuani imekaa upande. Nikamwambia, "Kaka, hii haijatoka Ireland. Hii imeshonwa Kangle, na haijalala siku mbili."

Nilitegemea afoke. Wallahi, jitu zima lile lilikaa kitandani kwako likalia.

Basi akanieleza. Kwamba kwenu klabu hazichaguliwi. Unachezea parokia uliyozaliwa mpaka magoti yakatae, hata ukihamia mbali unarudi Jumapili kuichezea. Wewe ukaoa ng'ambo ya daraja, kwa majirani mahasimu, wakwe zako wakawa na upungufu wa wachezaji, ukavaa buluu yao. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo walivyokuona. Ikaja fainali ya klabu za kaunti, nyekundu na buluu. Golini kwa nyekundu amesimama Kieran. Dakika zinakwisha, ukapata mpira, ukaupiga ukampita kwenye nyonga, na parokia yako ikalala. Usiku ule mama yenu aliitia motoni jezi yako nyekundu. Majira yaliyofuata mliitwa wote wawili timu ya kaunti, yeye kipa, wewe mshambuliaji, rangi moja, chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Msimu mzima hakukusemesha. Akiokoa mpira anampigia yeyote uwanjani, si wewe. Ukaiacha kaunti, ndoa nayo ikakushinda, ukaja huku China kugombana na zipu.

Kwa hiyo kweli ulicheza. Watu hawanuniani miaka yote hiyo kwa mechi ya kusimuliwa. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, mbona ningeamini.

Nikamuuliza kwa nini basi ameghushi. Akasema hakuweza kuja kumzika mdogo wake mikono mitupu. Alishuka tu kwenye ndege, akaenda Kangle na picha ya zamani kwenye simu, akamchorea fundi kola kwa kidole maana hawakuelewana hata neno. Nilimsikiliza, na bado sikumwamini kwa yote. Machozi hata laoban anayo. Nikamwambia jezi ya Donal ni ile aliyoitunza mwenyewe, na nikamkabidhi ile nailoni mkononi nione atafanya nini. Aliipokea bila kuifungua.

Siku ya kukuaga tulikuwa wachache. Utanisamehe, mambo ya kumchoma maiti mimi yananitoa jasho, lakini dini ni yako na nikasimama mpaka mwisho. Kieran akatandika nyekundu juu yako, ile feki, akailainisha kwa kiganja. Buluu sikuiona popote. Ukaingia motoni na nyekundu. Donal, nilitoka pale nimenuna, sikumpa hata mkono. Nilisema moyoni, wamekushinda, na nimeshindwa kukulinda.

Kesho yake nikampeleka uwanja wa ndege, si kwa wema, nilitaka kuhakikisha hakusahau hotelini majivu yako ya kuzikwa kwenu. Akashuka kutoka chumbani na koti limefungwa mpaka shingoni, na joto lile la Guangzhou. Nikajua ana kitu anaficha. Tulipofika kwenye ukaguzi, askari akamwashiria avue koti. Akavua.

Alikuwa amevaa buluu. Yako, Donal. Imembana tumbo, namba yako mgongoni, harufu ya vidonge vya nondo inanifikia mimi nyuma ya kamba. Kumbe jezi ya parokia yake alikupa wewe, na ya mahasimu wake akaibeba mwenyewe. Nilimwambia kwa sauti, watu wote wakasikia, kwamba akifika tu chooni ataivua. Akajibu, "Mama atakuwa uwanja wa ndege kule nyumbani ananisubiri. Ataniona nayo."

Nilisimama pale mpaka ndege iliporuka, kuangalia kama atatoka chooni kwa rangi nyingine. Kumwamini, naamini robo tatu. Kwa hiyo ahadi yangu kwako ni hii: mwakani, mikoba ikiuzika, nitakwenda mwenyewe kwenu, nimkalishe mama yako jikoni kwake, nimuulize mtoto wake alishuka na nguo gani. Nitamtazama usoni anapojibu.

Pumzika, mshambuliaji wangu. Nikimaliza naye nitapita kaburini nikupe jibu.

Dada yako,
Zuhura