Kurasa za Msaada Zimekwenda Wapi?

Nyumbani, nyuma ya chuo cha ufundi,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi hatujambo. Mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapoinama kufunga viatu, lakini bado nafundisha hesabu jioni, na wanafunzi bado wanadhani siwasikii wakinong'ona.

Mama yako naye ni mzima. Cherehani yake mpya haina kelele, na hilo linamuudhi. Anasema fundi asiyesikika hapati wateja.

Baada ya salamu, naomba ukae vizuri. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu humpa mtu nafasi ya kujibu kabla hajafikiri. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na mpangaji wa chini ataipiga picha akutumie leo leo, kwa hiyo usije ukaniambia ilichelewa njiani.

Unakumbuka jinsi wewe na binamu yako, binti yangu, mlivyokiunda kile kifaa chenu cha kuandikia programu, pale kwenye meza yangu ya chakula. Mlitaka mwanafunzi aandike programu mara moja tu, kisha ifanye kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote. Kwenye kifaa chenyewe sikuwafaa kitu, lakini kwenye kurasa za msaada, zile zinazomweleza mtumiaji kila amri, nilijipa ukubwa. Niliwaambia msaada ukae ndani ya kifaa, kama maelezo ya kipimo yanavyokaa kwenye chupa ya dawa. Ukiyabandika ukutani kwa mwuza dawa, mgonjwa akifika nyumbani atajinywea tu. Niliwaambia mtumie herufi tupu, bila rangi wala picha, kwa kuwa kila kompyuta inazijua herufi, ila rangi kila moja ina zake. Mistari iwe mifupi. Kwanza amri inafanya nini, halafu mfano mmoja, halafu hatari yake. Basi.

Tena mlikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila ukurasa mlimsomea mama yako akiwa anashona. Akiendelea kushona, ukurasa umepita. Akisimamisha cherehani na kuuliza, "Eti nini?", mnarudi kuandika upya. Mlinuna, mkacheka, mkaandika.

Sasa toleo jipya la kifaa lililofika chuoni mwezi uliopita lina jambo. Maabara ina kompyuta za aina tatu. Kwenye aina moja, ukiandika "msaada", kurasa zinakuja kama zamani. Kwenye zile aina mbili nyingine unapata mstari mmoja tu: "Kwa maelezo zaidi, rejelea nyaraka husika mtandaoni." Na mtandao wa chuo unaujua. Unakuja na kuondoka kama paka wa jirani.

Wiki iliyopita ulikatika katikati ya zoezi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alitaka kusafisha folda yake, akawa hana hakika amri inafanya nini hasa. Akaomba msaada, akapata ule mstari. Akabahatisha. Kazi yake ya muhula mzima ikafutika. Ukurasa wa zamani ulisema waziwazi kwamba amri ile hufuta hata faili ulizoandika mwenyewe, na kwamba uzinakili kwanza.

Mkuu wa maabara, yule tunayemwita Bwana Rula kwa jinsi alivyonyooka, amekwisha kumpata mwenye kosa. Kompyuta zenye msaada ni zile zilizo karibu na meza ambayo binamu yako huketi akiwasaidia wanafunzi. Kwa hiyo, anasema, binamu yako amejibakizia msaada upande wake na kuuondoa kwingine, ili kila anayekwama amwite yeye. Kikao ni Ijumaa. Wakiamini hivyo, anaondolewa kazini maabara.

Sikufichi, hata mimi nilianza kwa kumshuku yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na binti yangu anapenda kuitwa. Nilimuuliza tukiwa mezani ni nani kati yenu anayeandaa nakala zipi za kifaa. Akasema yeye huandaa za aina moja ya kompyuta, wewe huandaa za aina mbili. Nikamuuliza za kwake ni zipi. Akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Kurasa zimebaki kwenye nakala zako, mwanangu. Basi aliyeziondoa si wewe."

Alifunga bomba kwanza. Kisha akasema, "Baba, waache waseme ni mimi. Mimi nitapata kazi kwingine. Kaka kule aliko wamemwajiri kwa ajili ya kifaa hiki. Akionekana mzembe atashika nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kukufikiria wewe, na sikupenda. Nikakumbuka simu yetu ya Jumatano. Nilikuuliza tu mnalionaje toleo jipya. Sikutaja msaada, sikutaja chuo. Ukanijibu upesi, "Siku hizi kila mtu ana mtandao, mjomba." Nimefundisha maisha yangu yote. Mwanafunzi anayejibu swali ambalo sijauliza huwa amelala nalo.

Na ule mstari wenyewe. "Rejelea nyaraka husika." Mama yako angesimamisha cherehani kabla hujafika kwenye "husika". Nimemchokonoa bila yeye kujua ninatafuta nini, akasema hajasomewa kitu tangu uondoke.

Kuna jingine linalonikosesha raha. Msaada ukiwa ndani ya kifaa, anayeuliza huulizana na kompyuta yake, yakaisha. Ukiwa mtandaoni, kila anayeuliza anaacha nyayo kwa mwenye mlango. Mtu huko anaweza kujua wanafunzi wetu hawajui nini, na wanakwama wapi. Je, ulichoka tu kutunza kurasa, au kuna mkubwa wako aliyezitaka nyayo hizo? Nakuuliza, sikuhukumu. Ingawa nikiusoma tena mstari huu, naona niko karibu kukuhukumu.

Ninachokutaka ni kimoja. Kabla ya Ijumaa umwandikie Bwana Rula wewe mwenyewe, kwa maneno yanayoeleweka, useme nani aliyeziondoa kurasa na kwa nini. Kama si wewe, niambie, nami nitakuomba radhi mbele ya mama yako. Ukinyamaza, nitakwenda kikaoni niseme ninayoyajua, na binti yangu ataniita mwongo mbele ya watu, maana amekwisha kuamua kulibeba kosa.

Mama yako anakusalimu sana. Hajui lolote; bado anawaambia wateja wake kwamba kijana wake anazifundisha kompyuta adabu. Mke wangu anauliza kama unakula vizuri. Binamu yako nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikupe salamu gani. Amesema nikuambie yuko salama, na usiwe na wasiwasi.

Mungu akulinde, akupe na ulimi mwepesi kwenye neno zito.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata anapokushuku.