Mlinzi wa Nyuma na Ishara za Milka

Nyumba Na. 41, Mtaa wa Tatu,
Brannock Landing,
Pennsylvania.
Jumapili, 19 Novemba 1978

Mpendwa Mama Mkubwa Olga,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako limetulia, na Baba Mkubwa Emil bado anaweza kulibembeleza lile gari lake liwake kwenye barafu ya huko Fairbanks. Mama anasema huko jua sasa linachungulia tu na kurudi ndani. Unavaa ile sweta ya kijani niliyokufumia? Najua mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, kunja tu.

Sisi hapa hatujambo. Milka ametimiza mwaka na nusu, anapanda ngazi peke yake ila kushuka hajui, basi anakaa juu anaita mpaka mtu aende. Mama anakohoa kidogo, kiwandani kwa vioo kazi ipo. Stefan jicho lake la kushoto limevimba limekuwa rangi ya zambarau, lakini anacheka tangu jana. Hicho kicheko ndicho kilichonikalisha niandike.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu barua yako ya Septemba. Uliandika nimwambie mume wangu Stefan aache mpira, huu wa Kimarekani wa kurushwa kwa mikono, kwamba mtu wa miaka thelathini na sita si wa kugongana na watoto, na siku akivunjika tutamuunga na gundi gani. Nilimsomea yote, hata pale pa gundi. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mama Mkubwa ananipenda," akaongeza krimu kwenye pirohi zake, vile viandazi vya viazi.

Sikukujibu kwa sababu wiki ile ile ilionekana hutahitaji jibu. Kocha Vargo alileta kijana kutoka Pittsburgh, Dwayne Pruitt, miaka ishirini na moja, ana miguu kama swala. Akampa nafasi ya Stefan.

Wewe mpira hukuupenda tangu zamani, basi nikueleze hiyo nafasi kama nilivyoelezwa. Wengine wote wa ulinzi wanasimama mbele, karibu na adui. Stefan anasimama nyuma kabisa, peke yake au na mwenzake mmoja. Mrushaji wa upande wa pili akiutupa mpira mbali ukampita Stefan, nyuma yake hakuna mtu tena, ni nyasi tu na mstari wa goli. Wa mbele akikosea, wa nyuma atamfichia. Wa nyuma akikosea, uwanja mzima unaona.

Unakumbuka desturi yetu ya Alhamisi jioni kwenye ukumbi chini ya kanisa? Bado ipo. Wanawake tunapika kabichi za kuviringisha, wanaume wanakula, halafu kocha anagawa jezi. Watakaoanza mchezo Jumamosi anawaita kwa jina na kuwapa mkononi. Wanaobaki wanakwenda wenyewe kuchukua kwenye boksi la kadibodi mlangoni. Wiki saba, Mama Mkubwa, nilimwona mume wangu akiinama kwenye lile boksi. Miaka kumi na minne hajawahi kuligusa. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikashukuru Mungu kwa vitunguu.

Alikuwa ameniambia tangu mwanzo wa msimu: kama mechi ya mwisho, ile ya watu wa Tolliver ng'ambo ya mto, itamkuta kwenye boksi, basi ameacha, jezi hataivaa tena. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa.

Na timu ilikuwa inavuja. Dwayne si mbaya, mbio anazo hata za kugawia watu. Ila mrushaji akitazama kushoto, naye anakwenda kushoto, kumbe mpira unakwenda kulia. Stefan yeye hatazami macho. Anasema macho ya mrushaji ni ya kuhadaia watu, miguu ndiyo haijui kudanganya. Halafu kuna sauti. Stefan akiwa nyuma anaongea mchezo mzima: wewe sogea, wewe rudi, huyu anakuja kwako. Joe Bartko wa mbele aliniambia mbele ya sufuria, "Shemeji, siku hizi nyuma kimya. Tunacheza kama watu waliolala mlango wazi."

Sasa unadhani Stefan alinuna? Alimkaribisha Dwayne chakula cha mchana cha Jumapili! Akapanga pirohi mezani, hizi za mbele, hizi za nyuma, kichupa cha chumvi ndiye mrushaji, akamfundisha mpaka chakula kikapoa. Kijana wa watu akawa anauliza, "Mzee, na huyu wa viazi akikimbia pembeni?" Na Stefan anamjibu kwa makini kama padri.

Dwayne alipoondoka nilimwakia Stefan. Nikamwambia, "Unamnolea mtu kisu cha kukuchinja!"

Akasema, "Mama Milka, mlango ukiwa wazi, baridi haiulizi nani alitakiwa kuufunga."

Nikaosha vyombo kwa kelele.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Usimsomee Baba Mkubwa hapa, atanicheka mpaka Pasaka.

Ulinzi wetu una ishara mbili kubwa anazotoa mlinzi wa nyuma. Akijipiga kichwani mara mbili, wanabaki nyuma kungoja mpira mrefu. Akijipiga kifuani, wote wanakwenda mbele kumvamia mrushaji, nyuma panabaki wazi. Stefan anazifanya nyumbani bila kujua, anaponyoa, anapongoja kahawa. Milka kazidaka. Ukimwambia "Fanya kama Baba," anajipiga kichwa, pa pa, halafu kifua, halafu anajipigia makofi mwenyewe.

Jumapili iliyopita tulivuka mto kwenda ubatizo wa mtoto wa binamu yangu Irenka. Wanawake wamekaa, keki ipo, Milka kachoka analia. Nikamwambia fanya kama Baba. Akafanya. Walicheka, wakamrudisha, fanya tena. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Na maana yake nini, mpenzi?" Na mimi, mdomo wangu huu, kwa fahari ya mtoto, nikamweleza yote. Hata ile ya nyuma kubaki wazi.

Jumatano Irenka akanipigia simu anashindwa kuongea kwa kicheko. "Rozalia, mwanao kawa mwalimu wa mpira huku! Ray Kubek kakaa jikoni, mkewe anajipiga kichwa, yeye anataja maana!" Ray Kubek ndiye mrushaji wao. Yule mwanamke aliyeniuliza maana ni mke wake.

Nikakaa kwenye ngazi pale anapokaaga Milka. Mume wangu amebakiwa na mechi moja, na mimi nimeiuza kwa kipande cha keki.

Nilimwambia Stefan alipotoka kazini, hata buti hajavua. Alinitazama, akamtazama Milka, halafu akacheka hadi akashika ukuta. Mimi nalia, yeye anacheka, Milka anajipiga kichwa. Alipotulia akasema lazima kocha ajue. Nikasema nitamwambia mwenyewe, kosa ni langu.

Alhamisi nikatoka jikoni na aproni yangu, nikasimama mbele ya wanaume wote, nikasema. Kocha Vargo alitoa sigara mdomoni, na hiyo huwa anaitoa akienda komunyo tu. Halafu akapiga meza.

"Basi! Ishara zote tunatupa. Kesho tunajifunza mpya."

Stefan alikuwa ameshaanza kwenda kwenye boksi. Akageuka. "Ukizitupa watajua tumejua. Ziache."

"Watatusoma kama gazeti, Mzee!"

"Wasome. Wasome ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa mwisho nitauandika mimi."

Akaeleza kwa kifupi. Mchezo mzima ishara zitakuwa za kweli, mpaka Ray aziamini kama katekisimu. Ila Stefan akigusa mkanda kwanza, inayofuata ni uongo. Mara moja tu, mahali pake. Alisema mwongo mzuri husema kweli kutwa nzima.

Kocha akamuuliza Dwayne, "Wewe ungeweza kungoja mpaka mwisho?"

Dwayne akakuna kichwa. "Mimi kocha, ningegusa mkanda mpira wa kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Kocha akachukua jezi namba ishirini na saba, hakuiweka kwenye mkono, aliitupa ikampiga Stefan kifuani. "Ukinitia aibu, babu wewe, nitakuzika nayo." Halafu akampa Dwayne ya kusimama ubavuni mwake. "Na wewe, huyu akikwambia kaa, unakaa hata nyumba ikiungua."

Nilirudi jikoni. Safari hii sikuwa na vitunguu.

Jumamosi mchana baridi ilikuwa ya kukata masikio, lakini uwanja ulijaa mpaka kwenye uzio. Mama Mkubwa, sijawahi kuteseka hivyo, hata siku ya kumzaa Milka. Kila Stefan alipojipiga kifua, Ray alijua wanakuja, akautoa mpira haraka, wakasonga. Kila alipojipiga kichwa, Ray alijua nyuma pamezibwa, akampa mtu akimbie nao. Walipata pointi kumi hivyo. Na wale watu wetu, wanaokula kabichi zangu, wakaanza: "Mzee, miwani umeisahau nyumbani!" "Kocha, mtoe babu, muda wake wa kulala!" Mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu akacheze na mtoto wake." Nilitaka kugeuka nimwambie ni mimi, mnitukane mimi. Lakini siri ilikuwa siri. Nikamkumbatia Milka ndani ya koti, mikono yake nimeibana, asije akatoa ishara yoyote.

Sisi tulikuwa na kumi na tatu, wao kumi. Ikabaki dakika moja, mpira wao, katikati ya uwanja. Wakifunga, wametushinda mwaka wa tano mfululizo.

Nikamwona Stefan anavuta suruali juu, kama mtu yeyote ambaye suruali inamshuka. Amegusa mkanda. Halafu akajipiga kifua.

Ray Kubek aliona. Nakuapia, hata kutoka pale juu jukwaani nilimwona anavyonyooka. Siku nzima kifua kimemaanisha nyuma wazi. Akarudi hatua tano, akautupa kwa nguvu zake zote, mpira mrefu, mzuri, ukapanda juu ya bango la duka la dawa.

Stefan alikuwa ameshageuka kabla haujatoka mkononi. Hana mbio, Mama Mkubwa, unajua anavyokimbia, kama mtu aliyebeba kabati. Lakini alikuwa ameondoka mapema. Mpokeaji wao alipofika, alimkuta Stefan keshafika anangoja, kama mwenye nyumba. Wakaruka wote wawili, kiwiko cha yule ndicho kilichompa lile jicho. Alipotua, mpira uko mikononi mwake.

Mbele yake uwanja mtupu. Watu wote wakapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" Dwayne mwenyewe anampungia mkono, twende, nitakufungulia njia.

Stefan akalala chini.

Akajikunja juu ya ule mpira kama anavyojikunja na Milka akiwa na homa, akangoja refa apulize. Baadaye Dwayne alimuuliza kwa nini hakukimbia, angefunga goli la maisha yake. Akamjibu, "Pointi tulikuwa nazo. Tulichokosa ni mpira. Mtu akikimbia anaweza kuuangusha, aliyeulalia hauangushi."

Muda ukaisha. Yule aliyekuwa nyuma yangu alinikumbatia akisema siku zote alijua Mzee ana akili. Nilimwacha aseme.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwa nini wanamweka mtu mzima pale nyuma wakati wenye mbio wapo. Sijasoma sana, sijui kulieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Kuhusu kuacha. Jana tuliporudi, jezi ilikuwa nyasi tupu. Niliiloweka, sikumuuliza kitu, nilitaka aseme mwenyewe. Nilikuwa na maneno yako tayari mdomoni, hata pale pa gundi.

Leo asubuhi kanisani Dwayne alikaa benchi la mbele yetu. Akageuka amchekeshe Milka, akamnong'oneza, "Fanya kama Baba." Milka akamtazama kwa makini. Akashika kwanza kiuno cha gauni lake, akavuta juu. Halafu akajipiga kifua.

Dwayne alibana mdomo na kofia yake asicheke kwenye sala. Ijumaa Stefan alikuwa akijizoeza mbele ya kioo, mara mbili tu nadhani, na mtoto alikuwa chini sakafuni na vijiko vyake. Mimi nikamtazama mume wangu. Akainama sikioni kwangu na lile jicho la zambarau, akasema, "Usimpeleke ng'ambo. Ishara ya mwakani tutabadilisha."

Ya mwakani, Mama Mkubwa. Nilikuwa na maneno yako yote. Nikamshika mkono tu. Usinikasirikie.

Nisalimie sana Baba Mkubwa Emil, na binti yako Zuzana, mwambie nangoja picha ya harusi. Mama anakusalimu, anasema uache kuinua ndoo. Milka anakupigia kichwa, pa pa, na sasa unajua maana yake: baki hapo nyuma, utulinde. Mungu akuwekee moto jikoni na nguvu kwenye goti, mpaka tutakapokaa meza moja.

Mimi mtoto wa mdogo wako, nikupendaye bila kupumzika,

Rozalia