Maji Chumbani Kwetu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Mchafukoge tu wazima, na babu yako anakusalimu. Umeniuliza utasemaje kesho mbele ya wakubwa wa dunia kwenye mkutano wa tabianchi, maana unaogopa.

Nilipokuwa msichana, mvua ilijaza maji chumba chetu. Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama, hotuba niliyoikariri ikanipotea yote. Nikasema tu, "Maji yameharibu cherehani ya mama, na ndiyo inayotulisha."

Ofisa aliyekuja kutusikiliza akaacha kuandika. "Mnakaa wapi?"

Mimi na mama tukampeleka. Akavua viatu, akaingia majini. Wiki ile mtaro uliokuwa umeziba ukazibuliwa.

Siku ile, njiani tukimpeleka ofisa, mama hakunisifu. Alinishika mkono tu.

Kesho ukisimama, mjukuu wangu, jua nimekushika hivyo hivyo.

Bibi yako