Mablanketi Niliyowaomba

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, na mume wangu yuko Kalengera.

Siku kumi na mbili sasa. Kambale amekwenda huko kununua maharagi ya biashara, nami, bibi arusi wa miezi miwili, nanusa shati lake lililobaki nyuma ya mlango. Chekeni tu, wasomaji wangu. Nampenda mtu huyu hadi napanga sahani mbili mezani bila kufikiri.

Lakini leo nina la kukiri.

Mnakumbuka niliwaomba hapa mablanketi ya wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya. Mlileta. Kwaya yetu ikayapeleka, tukaimba, tukapiga picha. Jana nimeyaona sokoni Majengo, yamekunjwa vizuri, yanauzwa. Muuzaji nilimjua: mama niliyemkabidhi blanketi kwa mikono yangu. Anauza lake na ya majirani.

Nilinuna. Yeye akacheka.

"Muke wa arusi, usikasirike. Blanketi tuko nazo, wengine walitangulia kutuletea mbele yenu. Bidoni za kuchota maji ndiyo hatuna. Mulituuliza?"

Hatukuuliza.

Njiani machozi yalinitoka, nikimkumbuka Kambale. Wachumba wengine waliniletea manukato. Yeye alimwuliza mdogo wangu ninakosa nini, akaniletea mabuti ya mvua, maana mawe ya volkano yalikuwa yamemaliza viatu vyangu. Wiki mbili baadaye akarudi kuuliza kama yananibana. Hapo ndipo nilipompenda.

Nimependwa hivyo, halafu mimi nikapeleka mablanketi.

Kesho baada ya misa kwaya inaamua mchango wa pili. Wengi wanataka mablanketi tena, kwa sababu niliyasifu hapa. Nitasimama niseme nilikosea. Twende kwanza tuulize, tupeleke bidoni kwa familia chache, turudi kuona kama zinatumika, ndipo tuongeze. Nanyi mnaotoa mahali popote, mwulizeni anayekusanya mchango wenu: ulikwenda kuwauliza wanaosaidiwa? Ulirudi kuangalia?

Naogopa kuchekwa na mama wa kwaya. Laiti Kambale angekuwa kwenye benchi la nyuma, akinitazama tu.

Nimeyapangusa mabuti yangu, nimeyaweka mlangoni, kando ya nafasi ya viatu vyake. Kesho nitaenda nayo kanisani, mvua inyeshe isinyeshe.