Soli Iliyoachia na Neno la Baba

Ujiji,
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa jikoni, mlango wazi, na naahidi mbele ya Mungu kwamba leo nitakueleza yote, hata yale ambayo ukiyasoma utatikisa kichwa. Kwanza niambie, kifua chako kinaendeleaje? Je, kikohozi kimepungua sasa mvua zimekwisha? Na lile hema letu, bado linavuja upande anaolala mdogo wangu Fabiani? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nasoma vizuri, na Bibi Mwanaidi, aliyenipokea hapa kwake, hajanikosea hata siku moja. Anayenikosea ni mjukuu wake Zuhura, ambaye ninalala naye chumba kimoja na kukaa naye darasa moja.

Mama, vile viatu vya kupandia mlima ulivyonichagulia katika mgao wa mitumba, ukasema vitanifikisha hadi chuo kikuu, vilifunguka. Kiatu cha kulia kiliachia soli mbele, kuanzia kidoleni hadi katikati, na ilitokea mstarini asubuhi, shule nzima imesimama. Niliposogea mbele, soli ikapiga chini, pa, pa, pa. Zuhura akasema kwa sauti, “Jamani, kiatu cha mkimbizi kina njaa! Kipeni ugali!” Wakacheka hadi wadogo wa darasa la kwanza. Tangu siku ile nikipita wananiuliza, “Kimeshakula?”

Hilo ningelivumilia. Lakini Jumamosi ijayo Mwalimu wa jiografia anatupeleka kupanda milima iliyo kaskazini ya mji, tukachore ramani ya ziwa. Alisema asiye na viatu imara haendi, kwa sababu mawe ya kule yanakata. Zuhura akanyoosha mkono. “Mwalimu, Jenerosa hana viatu. Nafasi yake apewe Saumu.” Saumu ni rafiki yake. Mwalimu akanitazama miguuni, akasema, “Ukivitengeneza vikashika, utakwenda. Visiposhika, Saumu ataenda.”

Unajua kwa nini nilitaka kulia, Mama? Mwalimu ametuambia kwamba asubuhi, hewa ikiwa safi, ukiwa juu kule unaiona milima ya kwetu. Milima yetu yenyewe. Tangu tuvuke sijaiona.

Basi nikaenda kwa fundi baiskeli aliye jirani na msikiti, nikamchotea maji siku mbili, akanipa kopo lenye gundi ya manjano, ile nzito inayonuka mpaka kichwa kinauma. Nilikuwa na hasira, nikaipaka nyingi kwenye soli, nikaibandika palepale na kukanyaga kwa kisigino huku nikimtaja Zuhura. Asubuhi soli ilifunguka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Ndani gundi ilikuwa bado mbichi.

Ndipo nikamkumbuka Baba, Mungu amrehemu, alivyokuwa akiziba tyubu za baiskeli pale mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa na haraka ya kubandika kiraka, naye ananishika mkono na kusema, “Rindira, mwana wanje. Rindira.” Nikaanza upya. Nikakwangua gundi ya zamani yote kwa kisu, nikasugua soli na kiatu kwa msasa mpaka vikawa na mikwaruzo, nikafuta vumbi. Nikapaka gundi pande zote mbili, nyembamba, kisha nikasubiri. Nikapepeta mchele wote wa Bibi. Nilipoigusa kwa mgongo wa kidole na haikushika tena, nikabandika mara moja tu, maana ukishagusanisha hutengui. Nikakizungushia mpira wa tyubu, nikakaza sana, nikakiacha hadi kesho yake. Kimeshika, Mama! Nimekitia katika ndoo ya maji, nimekikunja, nimerukaruka nacho kwenye mawe. Mwalimu mwenyewe aliivuta soli kwa mikono miwili, akasema, “Jina lako linabaki.”

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 31 Mei Zuhura alikwenda Katonga na Bibi kununua dagaa, akaingia majini na viatu vyake vipya ili wavuvi wamwone. Vilipokauka, soli moja ikaachia kisigino chote. Akaja kwangu uani, hata salamu hakuna.

“We mkimbizi, hiyo gundi yako inatumikaje?”

Nikamweleza vizuri, Mama, kwa adabu. “Sugua kwa msasa, paka pande zote mbili, halafu rindira.”

Akacheka mpaka akashika mbavu. “Rinda! Rindira! Nyie Warundi L mliiacha mpakani? Ulimi una kokoto? Sema linda!”

Nikasema, “Haya. Linda.”

Akachukua kopo langu, akapaka, akabandika ingali majimaji, akakiweka kiatu juu ya mkeka barazani na kukilinda. Mama, alikilinda kwelikweli! Alikaa na ufito mkononi, akifukuza kuku, akifukuza watoto wa jirani, akimfokea hata muuza mkaa, “Pita mbali, kuna kiatu hapo!” Mimi nilikuwa nafua nguo hatua chache tu kutoka pale. Neno “ngoja” nalijua. Nimelijua tangu darasa la pili. Sikulisema. Nilisuuza nguo zangu taratibu, na moyo wangu ulikuwa mtamu kama niliyelamba asali.

Alipokuja kukiinua, kiatu kilikuja na soli ikabaki, imeng’ang’ania mkeka mpya wa Bibi.

Zuhura akapiga kelele. “Bibi! Huyu kanidanganya!”

“Kakwambia nini?”

“Kasema nilinde!”

“Ukalinda?”

“Nimelinda tangu adhuhuri!”

“Sasa kosa lake nini?”

Nikasema, “Shikamoo Bibi, mimi nilisema rindira. Yeye ndiye aliyenisahihisha.”

Bibi aliwahi kuuza chumvi Bujumbura enzi za mumewe. Alikaa chini kwa kucheka. “Rindira ni ngoja, mjinga wee! Umekaa unalinda gundi!” Kisha akautazama mkeka wake, kicheko kikaisha. “Viatu vingine ni mpaka Idi. Na huko mlimani utajua mwenyewe.”

Sasa shuleni wanamwita Mlinzi. Sikuwafundisha mimi. Ila wanaponiuliza kama ni kweli, nawasimulia yote, tena nawaonyesha alivyoshika ufito.

Leo asubuhi amekuja na kiatu mkononi, akasimama mlangoni. Ameniita Jenerosa. Mama, sikujua kama analijua jina langu. Akasema, “Naomba unibandikie wewe.” Gundi iliyobaki inatosha soli moja. Nimemwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba sitaki aende. Siku nitakayoiona milima yetu, sitaki awe amesimama pembeni yangu na lile neno lake la “mkimbizi” mdomoni. Nataka abaki barazani aone tunavyoondoka, mimi mbele, na viatu hivi hivi alivyovicheka.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie bado nasali kwa Kirundi. Msalimie mdogo wangu Fabiani, asiache hesabu. Msalimie shangazi anayefundisha kwaya, na mjomba mwenye mguu mbaya, mwambie nikija nitamtengenezea ndara zake.

Ni mimi binti yako anayekuwaza kila anapofunga kamba za viatu,

Jenerosa

Dereva wa lori la mahindi anayekuletea barua hii anarudi huku Ijumaa, na safari ni Jumamosi, kwa hiyo mpe jibu mkononi, hata likiwa neno moja: nimbandikie Zuhura kiatu chake, au nimwache abaki?