Kufuta ni Bure

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imefika! Wenzangu wa ofisini walichanga, zawadi ya kuniaga baada ya miaka thelathini na moja masijala. Kadi imeandikwa: Kwa Bi Faili wetu. Nimecheka, halafu nimelia kidogo. Nimeiweka juu ya meza ya cherehani, maana meza nyingine hakuna.

Binti yangu kapiga simu, anadhani nitaanza kuandika kumbukumbu za maisha. Nimemwachia adhani hivyo. Mimi nina kazi moja tu na hii mashine.

Hospitali nao wamepiga. Mama anafanyiwa upasuaji wa jicho tarehe 20, mtoto wa jicho, na kesho yake bandeji inatolewa. Amefurahi mama wa watu! Kitu cha kwanza anachotaka kukiona, kasema, ni picha yake ya ukutani.

Siku kumi na saba.

Jumanne, 4 Machi

Niandike basi. Daftari hili halisomwi na mtu.

Picha ni ile ya studio, wiki ya harusi ya shangazi. Baba na mama wamekaa. Mimi nimesimama kando ya mama. Pembeni yangu mdogo wangu, Kitinda, kasimamishwa kwenye kisanduku ili afikie, mkono wake begani kwangu. Sote wawili tumevaa gauni moja la kola nyeupe.

Kitinda hayumo tena. Nilimkata na mkasi. Miaka sita iliyopita, mwanamke mzima mwenye mvi, nilikaa sakafuni nikamkata mdogo wangu kwenye picha. Kisha nikairudisha kwenye fremu na kuweka kadibodi pale palipobaki wazi. Macho ya mama yalikuwa yameshaziba, anaona mwanga na vivuli tu.

Na kila asubuhi mama anakwenda kusimama pale mbele ya ukuta. Nipo jikoni, nasikia. Anamsalimia baba. Halafu anasema, Kitinda wangu, umeamkaje. Halafu ananiuliza mimi, picha ipo sawasawa? Nami najibu, ipo mama, imetulia.

Miaka sita hiyo. Hesabu asubuhi hizo ni ngapi.

Alhamisi, 6 Machi

Kompyuta haina programu ya picha. Ile iliyokuja nayo inageuza picha kushoto na kulia, basi.

Studio siendi. Mpiga picha wa mtaani ni mtoto wa yule aliyetupiga, na mdomo wake hauna breki. Ningempelekea asubuhi, mchana ingejulikana hadi sokoni.

Nimehangaika peke yangu mtandaoni kutwa nikitafuta programu. Ya kwanza, nzuri sana, inalipiwa kila mwezi mpaka ufe, tena kwa kadi ya benki. Mwezi baada ya mwezi, kwa picha moja? Ya pili wanakupa wiki ya kujaribu, lakini inagonga mhuri wa neno JARIBIO usoni mwa kila mtu. Baba yangu marehemu kakaa na JARIBIO kwenye paji la uso! Nimefunga haraka. Ya tatu ya bure, ila kila ukibonyeza linatoka tangazo la dawa ya kupunguza tumbo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa fundi kompyuta, yule wa kibanda kilicho nyuma ya duka la vitabu. Nikamwambia nataka programu ya bei nafuu ya kurekebisha picha, nilipe mara moja tuachane. Akaomba aione picha. Nikasema panya wameila upande mmoja.

Akaigeuza. Akapitisha ukucha kwenye ule ukingo.

"Mama, huyu panya alikuwa na mkasi?"

Walikuwepo wateja wawili. Wakacheka. Nami nikacheka, ningeachaje kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Umri huu natunga uongo wa mtoto wa darasa la pili!

Hata hivyo ni kijana muungwana, hakuendelea. Akanipigia skani, akanipa ya bure nianze nayo. Ipo ya kununua, toleo la zamani, akasema, lakini hiyo nijaribu kwanza. Ana nyingine iliyovunjwa kufuli, hiyo ni bei ya soda. Nikakataa. Nikajisikia mwaminifu mpaka nilipofika kona ya barabara, nikakumbuka panya.

Jumapili, 9 Machi

Programu ya bure inajua jambo moja: kufuta. Hilo inalijua kweli.

Kuna jambo nilisahau kuandika. Vidole vya Kitinda vimo bado. Nilipomkata sikuweza kuvitoa bila kukata bega langu mwenyewe, kwa hiyo vimebaki. Vinne, vidogo, juu ya kola yangu. Chini ya kioo, miaka sita, nimevipita kila siku nikienda kupika.

Leo nilipitisha kifutio juu yake, kujaribu tu. Mara moja! Bega safi. Kola imenyooka kama haikuguswa na mtu. Ukiitazama ile picha ungeapa kwamba mimi nilizaliwa peke yangu.

Nikabonyeza rudisha, rudisha, rudisha, mpaka vikarudi vyote vinne. Sikuweza.

Kumrudisha mtu mzima ndiko kunakolipiwa. Nimesoma masharti yao yote kwa miwani. Kufuta ni bure.

Saa nane Kitinda kapiga simu kwa mama, kama kila Jumapili. Nimetoka uani nikaanika nguo zilizokwisha kukauka.

Jumatano, 12 Machi

Nimenunua lile toleo la zamani. Nimelipa mara moja, tumeachana. Fundi kanielekeza matabaka: picha moja unailaza juu ya nyingine, kama mashuka, ya juu inafunika ya chini. Nilielewa upesi kuliko alivyotegemea. Faili ni faili, nimemwambia.

Tatizo ni sura. Nitamtoa wapi Kitinda wa umri ule? Programu inajidai inaweza kujaza pengo yenyewe. Nimeiruhusu. Imeniletea msichana mzuri, mgeni kabisa, anatabasamu. Nimemwangalia, naye kanikodolea. Nimemfuta. Huyo hakunigharimu kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia shangazi. Nikazunguka weee: afya, mvua, bei ya unga. Mwisho nikasema nataka picha ya Kitinda, aliyopigwa utotoni siku ile shangazi alipoolewa, nimtengenezee mama zawadi.

Shangazi akauliza kama tumepatana. Nikasema tunaelekea huko.

Akanibariki kwenye simu! Akasema alijua damu haiwi maji, akasema siku zote aliwaambia watu kwamba yule mtoto si mwizi. Nimekaa na simu sikioni kama gogo.

Picha imefika jioni. Kitinda kasimama nyuma ya kiti, gauni lile lile, kola ile ile, mkono juu ya mgongo wa kiti. Urefu wa kisanduku haupo lakini huo naweza kuuongeza. Nyusi zake zile. Nilikuwa nimesahau kwamba utotoni alifanana nami.

Ijumaa, 14 Machi

Mwizi. Nimekwepa neno hilo wiki nzima, shangazi kalitaja.

Baba alipofariki, saa yake ya mkono haikuonekana. Kitinda ndiye aliyemuuguza wiki ya mwisho, alikuwa analala sakafuni kando ya kiti chake. Mimi nilikuja siku ya mwisho na mdomo wangu. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikamwambia airudishe. Hakubishana. Alichukua begi lake akaondoka. Mama alisema, mwanangu si mwizi, na tangu siku hiyo hajaligusa tena jambo hilo.

Nikaenda nikachukua mkasi.

Na sasa hili ambalo hata humu sijapata kuliandika. Miaka miwili iliyopita nilimwita fundi wa makochi kukivisha upya kile kiti cha baba. Akachana kitambaa, akaingiza mkono, akatoa pini tatu, kitana, na saa. Akanipa. Nikasema asante, kama mtu aliyepewa chenji.

Imo humu kwenye droo ya cherehani, chini ya kompyuta. Miaka miwili. Simu ninayo, namba ninayo. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Siku za mwizi ni arobaini, za muongo hazina hesabu.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi tupu. Nimemkata Kitinda kutoka kwenye harusi, safari hii kwa kipanya, taratibu, unywele kwa unywele. Mkasi ulichukua nusu dakika. Huku nimemaliza siku tatu na shingo imekakamaa. Naona ni haki yangu.

Uso nimeukuza mpaka ukajaza kioo kizima. Nikaupunguza mwanga, nikautia ukungu kidogo ulingane na wetu. Nilikuwa naongea naye. Geuka kidogo. Hapo hapo. Mama akauliza toka chumbani nina mgeni gani.

Jumatano, 19 Machi

Nimechapisha kwa fundi. Kaitazama, kanitazama mimi, akasema, panya ametapika. Sikuudhika. Nimetia kwenye fremu. Ukisimama mlangoni, huwezi kujua. Nimesimama mlangoni mara nyingi.

Fundi kaniuliza kama nitafungua biashara. Nilivimba kichwa mpaka nikasahau kwa nini nilikuwa pale.

Alhamisi, 20 Machi

Upasuaji umekwenda vizuri. Dakika chache tu. Mama yupo na bandeji, anataniana na wauguzi.

Ijumaa, 21 Machi

Anaona!

Daktari alimwonyesha vidole, akahesabu. Tangu hapo hajaacha, kila kitu anakihesabu. Madirisha ya wodi. Vifungo vya daktari. Njiani kahesabu nguzo za umeme. Kanigeukia akasema, na wewe umezeeka, mbona hukuniambia. Tumecheka mpaka dereva akacheka.

Nyumbani akaenda moja kwa moja ukutani. Mimi nilibaki mlangoni, pale pale nilipojizoesha kusimama.

Akamsalimia baba. Akamsalimia Kitinda. Akasogeza pua karibu na kioo. Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. Akarudia tena.

"Njoo," akasema. "Mdogo wako alizaliwa na vidole vinane mkono mmoja?"

Nikasogea. Begani kwangu mkono wa kwenye kiti cha harusi, vidole vinne. Na pembeni yake, vikichungulia kwenye kola, vinne vya zamani. Vile nilivyovirudisha mwenyewe! Uso nimeutengeneza siku tatu, bega sikulitazama hata mara moja.

Nilisema ni kompyuta, mashine mpya, inakosea. Mama akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Uliikata lini ile ya kwanza?"

Nikaanza kumweleza hasira zangu za siku zile. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sijauliza kwa nini. Nimeuliza lini."

Nikamwambia. Siku ya pili baada ya Kitinda kuondoka, na pengo nikaliziba kwa kadibodi.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa kwenye kiti cha baba akaanza kuhesabu tena kwa vidole vyake, miaka, nadhani. Akasema, kwa hiyo nilikuwa naamkia kadibodi. Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa jambo lilivyokuwa.

Sina pa kuuweka uso.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi hakwenda ukutani. Nilisubiri jikoni na sufuria mkononi.

Baada ya chai akaniita. Nilidhani tutaizungumza picha, nikajiandaa kumwambia nitaitengeneza upya, nitavifuta vile vinne, ni dakika moja. Hakunipa nafasi.

"Mpigie Kitinda. Mwambie aje. Nataka nimhesabu vidole mwenyewe."

Nikasema atakuja kwako mama, kwangu hatakuja. Akasema, ndiyo maana utapiga wewe.

Sasa nipo mezani. Nimefungua droo, nimetoa saa ya baba, nimeiweka juu ya kompyuta iliyozimwa. Imesimama saa tatu na dakika kumi. Kama nitapiga nitaanza na ipi: mama anaona, au saa imepatikana? Nikianza na mama, ataitikia vizuri, tutaongea, nami nitaiacha saa mpaka wiki ijayo. Najijua.

Namba nimeiandika. Nimeifuta. Nimeiandika tena.

Mama anauliza toka chumbani: amepokea?

Nimemjibu, inaita mama.

Haiiti. Sijabonyeza. Na sasa nasikia anashuka kitandani, anakuja mwenyewe, bila fimbo, anahesabu hatua —